Dada aliyeniuliza kuhusu skolashipu ya kuogelea, hii video ni yako

Haya jamani mambo vipi, mnanisikia? Ngoja nipunguze hii hita maana inaunguruma utadhani nimepanda lori. Haya. Leo narekodia kwenye gari, nje ya bwawa, nimetoka kufundisha watoto sasa hivi, nywele zimelowa na nanuka klorini, mkiona macho mekundu msianze kuniuliza kwenye komenti nani kaniliza, ni dawa ya bwawa tu. Wageni karibuni, mimi nipo huku Marekani, kazi inayonilipa kodi ni nyingine kabisa ila jioni na Jumamosi asubuhi ni kocha msaidizi kwenye klabu ya watoto, wale wa miaka 8 mpaka 12.

Sasa, kuna dada kaniandikia chini ya video iliyopita. Anasema kijana wake ana miaka 9, maji ndiyo kwao, anawapita mpaka wa miaka 12, na kashamtafutia kocha wa kumpiga mazoezi asubuhi na jioni, swali lake ni afanye nini ili huyo mtoto aje apate skolashipu ya kuogelea chuo huku. Dada yangu nilianza kukujibu kwa maandishi, nikaandika nikafuta, nikaandika nikafuta, nikasema hapana, hii inataka niongee.

Kwanza nikutoe kwenye Olimpiki. Sisi wengi kuogelea tumekuona kwenye tivii, mtu mmoja leni yake, anagusa ukuta, anapewa medali, wimbo wa taifa unapigwa. Chuo huku sio hivyo kabisa, chuo ni pointi. Kwenye fainali za kitaifa za NCAA, hicho ni chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku, zile za mwezi wa 3, kila mbio wanaopata pointi ni watu 16. Wa kwanza anachukua 20, wa pili 17, wa tatu 16, inashuka hivyo hivyo mpaka wa 16 anachukua 1. Halafu zile za kupokezana, rilei, pointi zinazidishwa mara 2, yaani ushindi mmoja ni 40, na rilei zipo 5. Kwa hiyo unakuta kijana kamaliza wa 16, kwetu tungesema huyu kachemsha, lakini wenzake wanaruka pale pembeni ya bwawa kama wamepata uhuru, maana ile 1 ni ya timu.

Na msidhani naongeza chumvi kwenye hiyo 1. Kuna chuo kidogo Ohio kinaitwa Kenyon, Kenyon sio Kenya, msianze. Wanaume wao walichukua ubingwa wa Divisheni ya 3, maana NCAA imegawa vyuo madaraja 3 na la 1 ndilo la juu, kuanzia 1980 mpaka 2010 bila kukosa, mara 31 mfululizo, watu wamezaliwa wamekua wameoa Kenyon bado bingwa. 2011 wakavuliwa na majirani zao wa Denison, hapo hapo Ohio. Tofauti ilikuwa ngapi? Pointi 1. Miaka 31 halafu pointi 1! Mimi nikiiwaza hiyo naona kuna mtu mahali fulani mkono wake ulichelewa kugusa ukuta, na anaikumbuka mpaka leo akilala.

Ndiyo maana mimi napenda kwenda kuangalia mashindano ya vyuo kuliko hata Olimpiki. Kuna ile mbio ndefu, yadi 1650, wanaiita maili, ni kwenda na kurudi mpaka umalize urefu 66 wa bwawa. Ukiwa ndani ya maji unapoteza hesabu, lazima. Basi unakuta mwenzako wa timu amechuchumaa mwisho wa leni, ameshika kibao cha namba anakizamisha majini, ili kila ukija kugeuka uone umefika wa ngapi, na huwa hawatulii na hicho kibao, wanakitikisa, wanapiga kelele ambazo wewe chini ya maji husikii chochote. Dakika 15 mtu kachuchumaa pale analowa kwa ajili ya mwenzake. Mimi kocha wa chuo akija kumtafuta mtoto wako, naamini na hilo analitafuta, je huyu ni mtu wa kushika kibao?

Haya tuje kwenye hela maana najua ndiyo mnasubiri. Kwa miaka mingi Divisheni ya 1 timu ya wanaume ilikuwa na skolashipu 9.9, wanawake 14. Tisa nukta tisa, kwa timu yenye vijana labda 30! Kwa hiyo kocha alikuwa anazikata kama keki ya sendoff, huyu robo, huyu nusu, huyu vitabu tu, na kupata yote asilimia mia ilikuwa ni kwa nyota hasa. 2025 mahakama ikapitisha makubaliano makubwa ya kesi dhidi ya NCAA, sasa vyuo vilivyojiunga na huo mpango haviwekewi ukomo wa skolashipu ila vinawekewa ukomo wa watu, na kwenye kuogelea pamoja na wale wa kupiga mbizi ni 30. Inasikika vizuri eti? Lakini chuo kuruhusiwa kutoa sio chuo kuwa na hela ya kutoa, na wale vijana waliokuwa wanakuja kujiunga na timu bila skolashipu yoyote, wanapewa nafasi wakue polepole, hao ndio mlango umewabana. Divisheni ya 3 kama hao Kenyon hawatoi skolashipu ya michezo kabisa, unaingia kwa masomo au kwa uhitaji. Na hata Divisheni ya 1 kabla hujaogelea wanakagua shule, masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4. Kwa hiyo huyo kijana wa miaka 9 anayeamshwa usiku akaogelee halafu anasinzia kwenye hesabu... dada, unanielewa.

Wa kwetu Afrika wapo waliopita hii njia, sio ndoto. Kirsty Coventry wa Zimbabwe aliogelea chuo cha Auburn kule Alabama, akapata medali 7 za Olimpiki, na mwaka 2025 amechaguliwa kuwa rais wa Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa yenyewe. Jason Dunford wa Kenya aliogelea Stanford, na Beijing 2008 kwenye mchujo wa mita 100 mtindo wa kipepeo aliweka rekodi ya Olimpiki, haikudumu sana lakini aliiweka, fainali akawa wa 5. Sijasema haiwezekani. Nasema njia yake haipiti pale unapodhani inapita.

Halafu wazazi mnanitumia taimu. "Kijana wangu mita 50 ana sekunde kadhaa, je anafaa?" Jamani huku vyuo havishindani kwa mita, vinashindana kwa yadi, bwawa la yadi 25, ambayo ni mita 22.86. Ndiyo maana Mmarekani Caeleb Dressel mwaka 2018 alimaliza yadi 50 kwa sekunde 17.63 na watu wakashika vichwa, huwezi kuiweka hiyo pembeni ya mita 50 ukalinganisha, ni maji mengine.

Na hapa ndipo penye utamu wenyewe, nisikilizeni. Bwawa likiwa fupi unageuka sana. Ukisukuma ukuta sheria inakuruhusu kwenda chini ya maji kwa mateke ya pomboo, yaani miguu yote miwili pamoja kama mkia, mpaka mita 15, kwa mtindo huru, mgongo na kipepeo. Sasa piga hesabu, mita 15 kati ya 22.86, yaani anayejua anaogelea sehemu kubwa ya mbio hata hujamuona! Hiyo sheria yenyewe imeletwa na mwanachuo, David Berkoff wa Harvard, Olimpiki ya Seoul 1988 kwenye mgongo alikuwa anazama chini anapiga mateke zaidi ya mita 30 ndiyo anaibuka, akavunja rekodi ya dunia asubuhi kwenye mchujo, fainali Mjapani Daichi Suzuki naye akaja na mchezo huo huo akamshinda. Wakubwa wa mchezo wakaona hapana, wakaweka kikomo. Kwa hiyo mtu akisema mwanangu ana spidi, mimi swali langu la kwanza, akisukuma ukuta anakaaje?

Maana hicho ndicho nafundisha. Kiganja juu ya kiganja, mikono inabana masikio, kidevu chini, tumbo ndani, sukuma, teleza, usifanye kitu. Watoto wanachukia! Wanataka kupiga maji povu liruke. Mimi nawaambia leo mshindi ni atakayefika upande wa pili kwa mikono michache, yaani kuvuta maji mara chache, sio haraka, michache. Mtoto aliyetumia 24 akishusha mpaka 20 kwa mwendo ule ule amejifunza kitu ambacho hakuna mtu atamnyang'anya. Na pumzi, puliza mapovu ndani ya maji muda wote, ukigeuka kuvuta hewa jicho moja libaki majini, usinyanyue kichwa kama unachungulia ukuta wa jirani. Kichwa kikipanda makalio yanazama, basi unavuta mzigo.

Kichwa. Hapa niwape na aibu yangu. Miaka michache nyuma nilikuwa na binti wa miaka 10, mrefu kuliko wote, ana mabega, alikuwa anaogelea kichwa juu kabisa na anashinda kila kitu. Mimi nikamwacha. Nikajisemea anashinda, nimguse ya nini, na kusema ukweli nilipenda jinsi wazazi walivyokuwa wananipongeza. Akafika 13, wale wadogo aliokuwa anawapita nao wakarefuka, ila wao walikuwa na mbinu maana bila mbinu wasingefika hata upande wa pili, wakaanza kumpita mmoja mmoja. Tukahangaika na kile kichwa mwaka mzima, kazoea, hakishuki, akawa analia kwenye miwani. Akaacha. Alikuwa hajawahi kufundishwa kushindwa wala kufundishwa kuogelea, alikuwa amekua mapema tu, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale na saa mkononi.

Najua mtaniletea Michael Phelps, yule Mmarekani bingwa wa Olimpiki. Sawa, Phelps akiwa na miaka 10 aliweka rekodi ya umri ule mita 100 kipepeo mwaka 1995, ikakaa mpaka 2018. Lakini huyo ni mmoja, na kocha wake Bob Bowman aliyeanza naye akiwa na 11 alimjenga kwa mambo ya kuchosha kweli kweli, mpaka Beijing 2008 kwenye mita 200 kipepeo miwani ikajaa maji haoni kitu, akahesabu mikono yake mpaka ukutani, akashinda na rekodi ya dunia. Kuhesabu mikono! Kile kile ninachowafundisha hawa wa miaka 8 wananinunia.

Kitu kingine naomba mnisikie vizuri kwa sababu nimeona video za nyumbani watoto wanashindana kukaa chini ya maji. Usiruhusu. Kuvuta pumzi nyingi haraka haraka halafu kuzama na kubana, mtoto anaweza kupoteza fahamu bila hata kuhisi dalili, tena wale hodari ndio wanaokufa hivyo, kimya kimya. Klabu yetu ukikutwa unaandaa shindano hilo hukanyagi tena bwawani.

Na huyo kocha wa asubuhi na jioni dada, muulize pia maswali ya kiutu uzima. Mimi hapa kabla sijaruhusiwa kusimama pembeni ya bwawa nilichunguzwa rekodi ya polisi, nikasomea huduma ya kwanza na uokoaji, na siruhusiwi kuwa peke yangu na mtoto mahali pa kujificha, siruhusiwi kumtumia meseji mtoto bila mzazi kuwemo. Mwanzoni niliona wananidhalilisha, sasa naona hata mimi inanilinda. Mazoezi mara 2 kwa siku kwa miaka 9 hapana, mimi wangu wa umri huo wanakuja siku 3 kwa wiki na wengine wana mpira wa miguu katikati, waache wawe na mpira. Wanachuo wenyewe, watu wazima wenye ndevu, sheria inawawekea mwisho masaa 20 kwa wiki wakati wa msimu na siku moja lazima wapumzike.

Mfundishe kusoma saa ya ukutani. Ile kubwa yenye mshale mwekundu wa sekunde. Mtoto akiambiwa aogelee 50 mara 8, aondoke upya kila dakika 1, ajue mwenyewe ameondoka mshale uko wapi, amerudi uko wapi, amepumzika ngapi, bila kuniuliza kocha nilipata ngapi kocha nilipata ngapi. Wangu inawachukua kama msimu mzima na wengine hesabu zao za shule zinanyanyuka hapo hapo.

Aa, naona wa zamu ya pili wameanza kushushwa na wazazi, yule pale kashasahau taulo tena. Dada, taimu usinitumie. Nitumie video, uitume wewe sio mtoto, umchukue kwa pembeni akiogelea polepole kabisa, aende na kurudi mara moja tu, nataka kuona akivuta hewa kile kichwa kinakwenda wapi.