Kabla ya Kukata, Tumesoma DNA ya Nani?

Ndugu wasikilizaji, mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza ya CRISPR (mbinu ya kukata na kuhariri DNA), kwa wagonjwa wa selimundu. Wengi waliotibiwa katika majaribio walikaa mwaka mzima au zaidi bila kushikwa na yale maumivu makali. Nilifurahi sana, na kwa sababu hiyo hiyo nataka tuuchunguze usalama wake bila haya.

Seli shina za damu hutolewa mwilini, zikahaririwa maabara, kisha zikarudishwa. Kimeng'enya Cas9 ndicho hukata DNA, kikiongozwa na RNA, molekuli ya jamii ya DNA, yenye herufi (vijenzi vya kikemikali) 20 hivi zinazotafuta pa kufanana nazo miongoni mwa herufi bilioni 3 za DNA ya binadamu. Pakiwepo pengine panapokaribia kufanana, napo panaweza kukatwa.

Hata palipokusudiwa pana hatari. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Wellcome Sanger, Uingereza, walionyesha kuwa mkato mmoja unaweza kufuta maelfu ya herufi, na vipimo vinavyosoma kipande kifupi tu visigundue kitu.

Linalonikosesha usingizi, hata hivyo, ni jingine. DNA zetu hazifanani herufi kwa herufi. Mwaka 2023 jarida la Nature Genetics lilichapisha utafiti kuhusu RNA inayolenga jeni BCL11A, shabaha ya tiba hii ya selimundu. Badiliko la herufi moja, linaloonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, lilitengeneza mahali papya pa kukatwa. Ukiitazama DNA ya marejeo, yaani ile ya mfano ambayo wanasayansi huilinganisha na nyingine, peke yake, mahali hapo hupaoni. Na wagonjwa wa selimundu walio wengi ni watu wa asili gani? Sisemi kwamba mkato huo unadhuru. Nasema asiyetafuta pale hawezi kujua.

Tusisahau pia busulfani, dawa ya kuusafisha uboho kabla ya seli kurudishwa. Inaweza kumnyima mtu uzazi, na kijana anayetibiwa anastahili kuelezwa hilo mapema, kwa lugha anayoielewa.

Waliotibiwa katika majaribio wanafuatiliwa hadi miaka 15. Ufuatiliaji huo naunga mkono, lakini hautoshi ukianza baada ya mkato. Kila tiba mpya ya uhariri wa jeni ipimwe kwanza kwenye DNA za jamii zinazougua ugonjwa wenyewe, na matokeo yawekwe wazi kabla mgonjwa hajatia saini.