Mgonjwa wa Moyo Anaposahau Dawa

MWANAIDI: Karibuni kipindini. Mimi ni Mwanaidi, mfamasia, na mwenzangu ni kaka Baraka, muuguzi wa kliniki ya moyo. Kaka, mbona leo umenuna?

BARAKA: Acha tu, dada. Nimefungua faili la mgonjwa, nakuta imeandikwa kwa wino mwekundu "hafuati maelekezo". Basi, kila anayelishika faili lile anampokea mzee wa watu kwa ukali. Na hakuna hata mmoja aliyempima kumbukumbu.

MWANAIDI: Kuna msikilizaji hapo anajiuliza, moyo na kumbukumbu wapi na wapi?

BARAKA: Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unachukua asilimia 15 hadi 20 ya damu yote inayosukumwa na moyo. Moyo ukidhoofika sana, damu inayofika kichwani inapungua. Wapo waliopandikizwa moyo mwingine, walipopimwa tena damu ile ikaonekana imepanda. Ongeza hapo shinikizo la damu la miaka mingi, kisukari, upungufu wa damu, sonona, usingizi unaokatika kwa sababu pumzi inakwama usiku. Na mapigo ya moyo yakikosa mpangilio, vibonge vidogo vya damu vinaweza kurukia kwenye ubongo.

MWANAIDI: Na wenye moyo dhaifu wanaopata shida hiyo ya kumbukumbu siyo wachache.

BARAKA: Inategemea kipimo kilichotumika na waliopimwa. Tafiti nyingi zinaangukia kati ya robo na nusu ya wagonjwa, nyingine zinapita hapo.

MWANAIDI: Tatizo ni kwamba ukikaa naye huoni kitu. Anakutania, anakutajia wajukuu wote kwa majina. Kinachopungua mapema ni umakini, kasi ya kufikiri na uwezo wa kupanga mambo. Na ule wa kukumbuka jambo ambalo bado hujalifanya: saa 2 usiku nimeze kidonge cheupe, cha njano kisubiri asubuhi. Sasa ufuasi wa dawa ni nini kama siyo hicho?

BARAKA: Enhe! Na tunambebesha mzigo huo mtu yuleyule.

MWANAIDI: Mzigo kweli. Moyo unaosukuma kwa udhaifu siku hizi unatibiwa kwa makundi manne ya dawa, hujaweka ya kupunguza maji kama furosemidi. Halafu ajipime uzito kila asubuhi, na ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 apige simu. Hebu itazame hiyo. Akumbuke namba ya juzi, atoe, atambue kwamba kilichobaki ni hatari, kisha aamue kutusumbua. Watu wazima wenye akili zao timamu wanashindwa.

BARAKA: Nimewahi kuletewa daftari la uzito, mwezi mzima kilo 71. Mwandiko mmoja, hakuna siku iliyorukwa. Nikatazama chini, miguu imevimba, soksi zimechimba mfereji. Nikampandisha kwenye mzani: 76. Nilipomuuliza taratibu, kumbe kila asubuhi alikuwa ananakili namba ya mstari wa juu. Hakuwa anadanganya. Alishasahau zile namba ni za nini, anachojua ni kwamba safu lazima ijae.

MWANAIDI: Kwangu ni mfuko wa dawa. Nawaambia ndugu waje nao, tuumwage mezani. Utakuta maboksi mawili, majina ya biashara tofauti, ndani dawa ileile ya moyo, enalaprili, na yote anameza. Chini ya mfuko kuna diklofenaki ya maumivu ya goti, ambayo inafanya mwili ushikilie chumvi na maji. Pembeni kuna dawa ya mafua, ya aina ile inayoleta usingizi, na yenyewe inavuruga kumbukumbu. Ukimuuliza dawa unameza vizuri, anakujibu nameza. Tunamuuliza anayesahau kama amesahau! Hesabu vidonge vilivyobaki. Tazama tarehe alizochukua dawa.

BARAKA: Nikubishie kidogo. Kuna utafiti wa CHARM, wa dawa ya moyo iitwayo kandesartani. Uchambuzi wake uliochapishwa 2005 ulionyesha waliomeza kwa uaminifu walikufa wachache zaidi, hata wale ambao kidonge chao hakikuwa na dawa yoyote ndani. Unalielezaje hilo?

MWANAIDI: Dawa yenyewe ilifanya kazi, ilipunguza vifo vya moyo na kulazwa. Lakini anayeweza kumeza kwa mpangilio kila siku ana mengine yaliyokaa sawa: akili imetulia, nyumbani kuna mtu, hajakata tamaa. Kwa hiyo kutomeza kunaweza kuwa dalili, na dalili huchunguzwa, haigombezwi.

BARAKA: Nimekubali nusu. Wapo wanaoacha kwa makusudi. Dawa ya maji inamkimbiza chooni, ana safari, anairuka. Huyo ukimwekea kengele unamkera bure. Panga naye saa ya kumeza.

MWANAIDI: Sawa kabisa. Ndiyo maana unapima kwanza. Kipimo cha kumbukumbu cha Mini-Cog ni kama dakika 3: maneno matatu ayashike, achore uso wa saa, ayarudie maneno. Ikitia shaka, kuna kipimo kingine, MoCA, chenye alama 30. Chini ya 26 unachunguza zaidi, ukizingatia kiwango cha elimu na macho yake. Ila usimpime akiwa amelazwa, pumzi imembana.

BARAKA: Hapo ndipo sisi tunapochekesha. Anaruhusiwa, bado ana uchovu, anataka kwenda kwao, nasi tunammwagia maelezo yote kwa mkupuo. Anaitikia "nimeelewa, muuguzi". Mimi siku hizi namwambia anieleze yeye, kwa maneno yake, ataanza na kidonge kipi.

MWANAIDI: Na daktari apunguze mara za kumeza kadiri inavyowezekana. Boksi la vyumba saba, lakini ajaze mtu mwingine. Ukimpa mgonjwa mwenyewe alijaze, umeongeza mtihani. Kengele ya simu inasaidia, ila inamwambia saa imefika, haimwambii kama alishameza. Chumba kitupu ndicho kinachomwambia. Bila hicho anameza mara mbili.

BARAKA: Na huyo msaidizi achaguliwe mbele ya mgonjwa, aulizwe mwenyewe anamtaka nani. Naona ndugu wanapanga mambo juu ya kichwa chake kama vile hayupo. Siku ya pili anaficha vidonge chini ya mto, na mimi simlaumu.

MWANAIDI: Msikilizaji anauliza, mama alikuwa mzima, juzi ameanza kuchanganya watu na usiku haelewi alipo. Ndiyo haya?

BARAKA: Hapana, haya tunayosema huja polepole. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kuwa maambukizi, chumvi ya damu, yaani sodiamu, imeshuka, kiharusi, au dawa zimezidi. Aende hospitali leo.

MWANAIDI: Na msimwachishe dawa kienyeji mkidhani ndizo zinazomchanganya. Zile za kutuliza mapigo, kama bisoprololi na kavediloli, zikikatishwa ghafla moyo unaweza kuzidiwa vibaya. Nendeni nazo zote, daktari ndiye aseme ipi isimame.