Mdachi si Mholanzi

Asanteni. Wanaonijua wanajua nitakapoanzia, wala sichoki kurudia: Mdachi si Mholanzi!

Juzi nilikuwa nasoma tafsiri ya historia ya Afrika Kusini. Mfasiri kaandika kwamba mwaka 1652 Wadachi walitua Rasi ya Tumaini Jema wakiongozwa na Jan van Riebeeck. Nikakifunika kitabu. Wadachi! Ndugu zangu, pwani yetu inajua Wadachi ni nani. Ni Wajerumani, wale waliopigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, tangu 1888 na kumnyonga Pangani mwaka uliofuata. Tunao utenzi mzima wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, yaani kuitwaa pwani yetu ya bara. Mfasiri aliona "Dutch", yaani Mholanzi, kwenye Kiingereza, sikio likamletea Wadachi, naye akaridhika.

Mtaniambia shina la Dutch na Mdachi ni moja. Ni kweli, na hapo ndipo mtego ulipo. Makabila ya Kijerumani ya kale yalikuwa na neno lenye maana ya umma, watu. Likazaa jina la lugha: lugha wanayosema watu, si Kilatini cha makasisi. Mwaka 786 mjumbe wa Papa aliandika kwamba maazimio ya mkutano wa kanisa huko Uingereza yalisomwa kwa Kilatini na "theodisce", yaani kwa lugha ya watu. Hapo ndipo Mjerumani alipopata kujiita Deutsch, na Mrima ukapata Mdachi. Mwingereza naye zamani aliwaita Dutch wote wawili, Mjerumani na Mholanzi. Karne ya 17 akagombana na Waholanzi baharini, vita vitatu kati ya 1652 na 1674, na jina likawaganda wale aliokutana nao kila siku.

Sisi tuna Mholanzi, kutoka Holland, nchi ya miti. Najua yupo atakayenyoosha mkono: Holland ni majimbo 2 tu kati ya 12, na tangu 2020 serikali yao imeacha kujitangaza kwa jina hilo. Sawa, lakini Wajapani wanasema Oranda, Waindonesia wanasema Belanda. Meli zilitoka huko, na jina likapanda meli.

Kaburu, tuliyemtoa kwenye "boer", yaani mkulima, alistahili saa nzima. Mwenyekiti ananionyesha saa yake. Basi wahariri mlioko hapa, mkikuta Wadachi kwenye muswada, muulizeni mwandishi: mwaka gani, na bandari ipi?