Kabla ya Kununua Poda: Tumbo la Sato Linataka Nini

Wakubwa zangu shikamooni, na wafugaji wenzangu wa samaki wa vizimba habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie poda hizi mnazouziwa kwa ajili ya tumbo la samaki: bakteria rafiki, hamira, asidi, na nyingine zenye majina marefu. Nitafika huko. Kwanza tuutazame utumbo wenyewe.

Mpasue sato, utandaze utumbo wake mezani. Ni mwembamba kama uzi, na unauzidi urefu wa mwili wake mara tano au zaidi, maana kwa asili huyu ni mla mwani. Ndani kuna mikunjo inayofyonza chakula, na juu ya mikunjo kuna ute unaozuia vijidudu visipenye kwenye damu. Muuza poda akija, muulize: hii inafanya nini kwenye mikunjo, na inafanya nini kwenye ute? Akianza kukusimulia bei, umeshajibiwa.

Wanorwe walijifunza jambo kwa samaki wao wa salmoni. Walipoanza kupunguza unga wa samaki na kuweka soya, watafiti wa miaka ya 1990 wakakuta sehemu ya mwisho ya utumbo imevimba na mikunjo imefupika. Mshukiwa mkubwa ni saponini, kemikali ya asili iliyomo kwenye soya, ambayo moto wa kupikia hauiondoi. Soya ilipotolewa kwenye chakula, utumbo ulipona wenyewe ndani ya wiki chache.

Sato wetu anaivumilia soya kuliko salmoni, hilo niliseme wazi. Lakini sisi nasi tunaikimbia bei ya dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, tunajaza soya, mashudu ya alizeti na pumba. Soya isiyokaangwa vizuri ina vizuizi vinavyokwamisha vimeng'enya vya kusaga protini; vizuizi hivyo, moto unavimaliza. Pumba za mahindi zilizolowa stoo huweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, inayoharibu ini na kudhoofisha kinga. Bakteria rafiki hawafui pumba zilizooza, jamani.

Sasa poda. Bakteria wa jamii ya Lactobacillus hufa kwa joto la mashine. Chakula kinachoelea hupitia joto linalozidi nyuzi 100, kwa hiyo ukiwachanganya kwenye unga kabla ya kuusindika, unawapika. Wa jamii ya Bacillus hujifungia kwenye mbegu ngumu inayostahimili joto zaidi, ndiyo maana wamo kwenye bidhaa nyingi za samaki. Hata hao mimi ningewapaka baadaye: koroga poda kwenye mafuta kidogo ya kula, nyunyizia chakula kilichokwisha poa, geuza taratibu punje zisivunjike, anika kivulini, lisha siku hiyo hiyo. Na ukiwa unatoa antibiotiki kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, usiwape bakteria kwa wakati huo. Dawa haichagui rafiki.

Kuta za hamira zina beta-glukani, inayoamsha kinga. Usiwape samaki mwaka mzima. Wape kwa vipindi, hasa kabla ya kuhamisha vifaranga au maji kubadilika. Asidi kama fomiki hubana bakteria wabaya, na butireti ni chakula cha seli za utumbo. Kitunguu saumu kina majaribio yenye matokeo mazuri kwa sato, ila kipimo kinatofautiana mno, sitakutajia.

Mtaambiwa Norwe waliacha antibiotiki kwa sababu ya poda hizi. Sivyo. Mwaka 1987 walitumia karibu tani 50 kwa samaki, kisha matumizi yakaporomoka, na kilichoyaporomosha zaidi ni chanjo. Ulaya nayo ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tarehe 1 Januari 2006, na baada ya hapo soko la viongezi vya chakula kama poda hizi likachangamka. Biashara ilifuata sheria.

Kwa hiyo ukitaka kujaribu, usikipe kizimba kimoja ukakilinganisha na mwaka jana. Chukua vizimba vinne, vifaranga wa kundi moja, idadi sawa, chakula kile kile. Viwili vipe poda, viwili visipewe. Pima kila kilo ya chakula inayoingia majini, hesabu waliokufa, na siku ya kuvuna ugawanye: kilo ngapi za chakula zimeleta kilo moja ya ongezeko la uzito wa samaki. Tofauti kati ya vizimba vyenye poda na visivyo nayo izidishe kwa bei ya kilo ya chakula, kisha toa gharama ya poda kwa kila kilo ya ongezeko hilo. Kikibaki kitu, nunua.

Haya, maswali. Mama wa kule nyuma, karibu.