Sarafu ya Kichina Ipimeni Majini

Nitarudia yale yale, mnivumilie. Mtu akiletewa sarafu ya fedha ya Kichina, anakimbilia sumaku. Isiponasa, anatoa pesa. Jamani! Shaba hainasi. Risasi hainasi. Mchanganyiko wa kawaida wa shaba na nikeli haunasi. Sumaku inakamata feki ya chuma tu, na anayeghushi kwa chuma ni mvivu wa mwisho.

Tuchukue dola ya Yuan Shikai, aliyekuwa rais wa China, kichwa kimetazama kushoto, mwaka wa 3 wa Jamhuri, yaani 1914. Kipenyo milimita 39, uzito gramu 26.6 hivi, fedha asilimia 89, iliyobaki shaba. Madini hayo ni mazito mara 10.3 kuliko maji ya ujazo ule ule. Shaba yenye nikeli haifiki 9. Hapo ndipo mghushi anapokwama. Akishika vipimo sahihi, sarafu inatoka na gramu 23. Akitaka 26, lazima ainenepeshe, na macho hayaoni unene wa theluthi ya milimita. Maji yanauona.

Wekeni glasi ya maji juu ya mizani inayosoma hadi gramu 0.01, kisha isomeshwe sufuri. Ifungeni sarafu kwa uzi mwembamba, izame yote, isiguse kitako wala ubavu wa glasi. Sarafu ya gramu 26.60 isome karibu na 2.58. Gawanyeni uzito kwa namba hiyo: 10.3. Ikisoma 2.98, hiyo ni 8.9, mrudishieni mwenyewe.

Mnapokosea napajua. Viputo vya hewa hung'ang'ania kwenye herufi, namba inapanda, sarafu halali inaitwa feki. Tieni tone la sabuni ya maji, itikiseni kidogo. Ikigusa kitako, mnapima sarafu yenyewe. Na mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima iacheni ipime unga.

Najua kuna anayewaza, si tuidondoshe sakafuni tusikie mlio? Mkiidondosha, ukingo unabonyea na bei inashuka. Isimamisheni juu ya ncha ya kidole, igongeni taratibu. Hata hivyo sarafu halali yenye ufa nayo hutoa mlio mfu.

Mwingine atasema Yuan alikufa 1916, mbona hii ni ya mwaka wa 10? Ongezeni 1911: ni 1921, na ni halali kabisa. Kichwa chake kiliendelea kupigwa baada ya kifo, na hata ya mwaka wa 3 ilitolewa kwa miaka mingi. Watu wa pwani mna mfano wenu: reale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria zilizozunguka Zanzibar, zote zimeandikwa 1780. Cha kuhesabu ni herufi zilizo juu ya kichwa: mwaka wa 3 zina sita, miaka ya 8, 9 na 10 zina saba.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Feki ya fedha halisi maji hayaikamati. Tazameni ukingo kwa lenzi ya mara 10: mstari wa kiungo, meno yaliyofutika, vitundu. Sarafu mbili zenye mkwaruzo ule ule mahali pale pale zimetoka kalibu moja. Jina L. GIORGI, la mchongaji Mwitaliano Luigi Giorgi, liko kwenye sarafu adimu za majaribio, ndiyo maana linaghushiwa mno.

Bei: ndani mna gramu 23.7 za fedha safi, aunsi 0.76, zidisheni kwa bei ya siku. Hiyo ni sakafu. Juu yake ni mwaka na hali. Dawa ya meno na majivu, wacheni! Sarafu iliyosuguliwa inanyimwa daraja kamili la ubora.

Iliyofungwa kwenye kasha la PCGS au NGC, kampuni zinazokagua sarafu na kuzipa daraja, ingizeni namba ya kasha kwenye tovuti yao, maana kasha nalo hughushiwa. Namba ikikubali lakini picha ya tovutini haina alama mnayoiona mkononi, msinunue. Haya, maswali.