Sabufa imelala, mita iko macho

JUMA: Dada Neema, kabla ya yote waambie wasikilizaji kwa nini juzi ulinipigia simu saa nne usiku kuniuliza taa ya mita inamulika mara ngapi.

NEEMA: (anacheka) Ugomvi wa nyumbani, kaka. Tuko wapangaji watatu, mita moja ya umeme wa LUKU, tunachanga. Kila mwezi lawama zinaishia mlangoni kwangu: sabufa, sabufa.

JUMA: Si ungeizima?

NEEMA: Naizima! Kwa rimoti. Inabaki ile taa nyekundu tu, nami nikajua imelala. Sasa siku hiyo nafagia alfajiri, mkono ukagusa kule nyuma. Vuguvugu! Na haijapiga wimbo tangu jana yake.

JUMA: Transfoma hiyo. Sabufa nyingi za bei nafuu, rimoti inanyamazisha sauti tu, transfoma inaendelea kula umeme. Lile joto ndiyo yuniti zenu.

NEEMA: Basi nikawaambia wenzangu, leo tunapima. Tukachomoa kila kitu, hadi friji ya jirani yangu, ikabaki sabufa peke yake. Mita yetu imeandikwa 1000 kwa kWh, yaani taa ikimulika mara elfu, yuniti moja imekwenda. Tumesimama gizani watu wazima watatu tunakodolea mita! Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nikaanza kutamba. Ya tatu, ikamulika. Ikawa hivyo, kila dakika tatu mara moja.

JUMA: Pole. Kila dakika tatu ni mara 20 kwa saa. Hizo ni wati 20.

NEEMA: Nikajua ni kidogo.

JUMA: Zidisha kwa saa 24, karibu nusu yuniti kwa siku. Mwezi mzima, 14 na ushee. Kwa T1, kundi la bei la matumizi ya kawaida, yuniti ni shilingi 292, ukijumlisha kodi na tozo inafika kama 356. Unazungumzia elfu tano na mia moja hivi.

NEEMA: Elfu tano ya kulinda taa nyekundu!

JUMA: Na aliye D1, kundi la watumiaji wadogo wa nyumbani, aangalie zaidi. Yuniti 75 za mwanzo za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, ukivuka hapo ni 350. Kama matumizi yako yanagota 70, sabufa iliyolala ndiyo inayokuvusha.

NEEMA: Lakini wao wanalalamika nikipandisha sauti.

JUMA: Kwa kelele wana haki, kwa LUKU hawana. Sauti ya kawaida chumbani inataka wati chache sana kwenye spika. Kinachokula ni mtambo kukaa umewashwa saa zote. Kuna hawa wapenzi wa muziki wenye amplifaya za daraja A, zinavuta umeme mwingi hata zikiwa kimya. Ya wati 200 ikiachwa wazi usiku na mchana ni yuniti 144 kwa mwezi. Elfu hamsini na moja! Ukimuuliza anakwambia ikipoa haipigi vizuri.

NEEMA: Ikipoa? Kwani ugali?

JUMA: (anacheka) Aiwashe akianza kupika, mpaka anakula imeshapata moto.

NEEMA: Hivi hakuna sheria ya kuwabana watengenezaji?

JUMA: Umoja wa Ulaya wanayo. Tangu 2013, kifaa kikiwa kimelala bila kuonyesha saa wala maandishi, mwisho nusu wati. Yako ni mara 40 ya hapo.

NEEMA: Basi sasa nazima ukutani. Kero yake ni moja, ukiwasha inasahau stesheni zote, unaanza kutafuta upya.

JUMA: Na mchango wa mwezi huu?

NEEMA: Nimeongeza elfu tano, nimekubali yaishe. Ila usiku ule tulipoirudisha ile friji, kaka, mita ilimulika kama disko. Mwenye friji akaniangalia, nikamwangalia. Jumamosi tunapima ya kwake.