Sabufa Ikae Wapi: Besi na Kuta za Sebule Zetu

Wakubwa shikamooni. Mafundi wenzangu wa Tabora, na ninyi wenye vibanda umiza mliojazana huko nyuma, karibuni.

Malalamiko yanayofika sana kwenye meza ya fundi ni haya: sabufa, yaani spika ya besi, ilipiga vizuri dukani, ilipofika nyumbani inanguruma sauti moja tu, au penye kochi haisikiki kabisa. Mwenye nayo anataka abadilishiwe spika. Spika aiache. Achukue futi kamba, apime chumba.

Katika joto la nyuzi 25, sauti husafiri mita 346 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi la 40 Hz, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita 8.6, na sebule yako ina mita 5. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na lile linalokuja. Kwenye masafa fulani, yaani Hz fulani, mawimbi hayo yanalingana barabara, besi inasimama mahali pamoja: ukutani inajaa, katikati ya chumba inakufa. Kuyajua masafa hayo ni hesabu ya darasa la nne. Gawa 173, ambayo ni nusu ya 346, kwa urefu wa chumba kwa mita. Mita 5 zinakupa karibu 35 Hz. Upana wa mita 4 unakupa 43 Hz. Halafu zidisha kwa mbili, kwa tatu, na kadhalika: 70, 86. Kimo cha chumba nacho kina hesabu yake, lakini nyumba zetu nyingi dari ni ubao mwembamba au jipsamu chini ya bati, na besi inapenya humo. Tabu yetu iko kwenye kuta za tofali za kuchoma, ambazo zinarudisha karibu kila kitu. Na chumba cha mraba ndicho kibaya kuliko vyote, maana 4 kwa 4 inakupa 43 Hz mara mbili, moja juu ya nyingine.

Anza na kochi kabla ya sabufa. Kochi likiegemea ukuta wa nyuma, besi inakuwa nzito kupita kiasi. Likiwa katikati kabisa, ile 35 Hz hutaisikia hata uongeze sauti mpaka majirani waje. Lisogeze mbele kiasi cha theluthi ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma. Kwa chumba chetu cha mita 5 ni kama mita 1.7. Najua sebule nyingine hazina nafasi hiyo. Hata sentimita 50 kutoka ukutani zinasaidia.

Sasa sabufa. Kuna njia isiyogharimu shilingi, na inafanya kazi kwa sababu njia ya sauti kati ya pointi mbili ni ileile ukienda au ukirudi. Weka sabufa juu ya kochi, pale unapokaa. Piga wimbo ambao besi yake inatembea. Dansi la zamani linafaa sana kwa kuwa gitaa la besi halitulii. Wimbo wenye kiki (ngoma ya besi) ya kompyuta inayorudia mlio uleule hautakuambia kitu. Kisha piga magoti, sikio liwe kwenye kimo ambacho sabufa itakaa, utambae kufuata kuta, ukisimama kila nusu mita. Ndiyo, mtu mzima atatambaa. Watoto watoeni nje kwanza. Tafuta mahali ambapo kila mlio wa gitaa unatoka kwa nguvu inayokaribiana, hata kama besi kwa jumla ni ndogo; hapo ndipo sabufa itakaa. Watu wengi hapa wanachagua pale panaponguruma zaidi, ambapo kwa kawaida ni kona. Kona inaamsha mawimbi yote ya chumba kwa pamoja. Inakupa wingi, haikupi usawa.

Hizi sabufa za dukani zenye amplifaya ndani na spika ndogo pembeni zina sharti lake. Spika hizo haziwezi kushuka chini, hivyo sabufa inabeba mpaka 120 Hz au 150 Hz, na sikio linatambua inatokea wapi. Iache mbele, karibu na runinga, uisogeze kushoto au kulia tu. Wenye resiva kamili (amplifaya inayoendesha spika zote) na spika kubwa kidogo wana uhuru zaidi: weka krosova, yaani pale besi inapokatwa kwenda kwa sabufa, 80 Hz kwenye resiva, na kitufe cha krosova kilicho mgongoni mwa sabufa kizungushe mpaka mwisho wa juu. Ukiziacha zote mbili zikate, besi inakatwa mara mbili na pengo linatokea katikati.

Baada ya hapo ni fezi, yaani sabufa na spika zisukume hewa kwa pamoja. Piga mlio wa 80 Hz kwenye sabufa na spika za mbele kwa pamoja, kaa kwenye kochi, mwenzako abadilishe swichi kati ya 0 na 180. Palipo na sauti kubwa ndipo penyewe.

Ikwalaiza, ya kupunguza au kuongeza masafa moja moja, inakuja mwisho. Anayekimbilia ikwalaiza kabla ya kuhamisha boksi anajitafutia kazi. Ukiwa na kompyuta, programu ya kupima sauti ya chumba, Room EQ Wizard, ni ya bure. Ongeza maikrofoni ya kupimia, pima kuanzia 20 Hz mpaka 200 Hz, viti vitatu angalau. Utaona vilima na mashimo. Kilima kikate: kikiwa 43 Hz na kimezidi desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 8, punguza 6 papo hapo kwa kichujio chembamba, upime tena. Shimo usilijaze. Kuongeza desibeli 6 kunataka nguvu ya amplifaya mara 4, na 10 kunataka mara 10, na wimbi linalorudi linaifuta yote. Matokeo ni koili, waya wa ndani ya spika, kuungua. Na pimeni mlango na madirisha yakiwa vile mnavyokaa. Oktoba hapa Tabora hakuna anayefunga dirisha, na dirisha wazi linabadilisha besi.

Wanaouliza trei za mayai ukutani: kwa wimbi la mita 8 hazifanyi chochote. Fedha hiyo weka akiba ya sabufa ya pili. Todd Welti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, alionyesha mwaka 2002 kwamba sabufa mbili, moja katikati ya ukuta wa mbele na nyingine katikati ya ukuta unaoutazama, zinasawazisha besi kwa viti vingi. Lile wimbi la 35 Hz zinalisukuma kutoka pande mbili, linajifuta lenyewe.

Kabla hujasema spika imepasuka, piga mlio unaopanda taratibu kutoka 20 Hz mpaka 100 Hz ukizunguka nyumba. Mara nyingi kinachokereketa ni kabati la vyombo, kioo cha dirisha au msumari wa bati uliolegea. Kipande cha tyubu ya baiskeli chini ya kioo kinatosha. Na ukisikia mvumo wa 50 Hz usiokoma hata bila wimbo, chomeka sabufa na resiva kwenye soketi moja ya ukutani. Waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini, usikatwe hata siku moja.